Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliyelalamikia Uzito wa Kompyuta

Mpwa wangu mpendwa,

Juma lililopita ulipoitua kompyuta yako mezani kwangu, ukasema kilo 2 zimekuchosha bega, nilinyamaza tu. Leo nakujibu.

Mwezi Aprili 1981, katika maonyesho ya kompyuta mjini San Francisco, Marekani, Adam Osborne alizindua mashine iliyoitwa Osborne 1, yenye uzito wa takriban kilo 11, nayo ikauzwa kwa sifa ya kubebeka. Kibodi yake ndiyo iliyokuwa kifuniko. Ukiisha kuifunga, unaishika mkono wake na kuondoka nayo kama fundi aliyebeba cherehani, na ni cherehani hasa ambayo watu waliifananisha nayo. Betri haikuwamo, hivyo kubebeka kwenyewe kulikuwa ni kuihamisha kutoka soketi hii hadi ile.

Kinachonivutia zaidi ni kioo chake. Kwa kuwa sanduku zima lilipaswa kuingia chini ya kiti cha ndege, mhandisi Lee Felsenstein alikibana katikati ya viendeshi viwili vya disketi, zile sahani za kuhifadhia kazi, kikawa cha inchi 5 tu, kidogo kuliko cha simu iliyo mfukoni mwako. Kilionyesha herufi 52 kwa mstari, ilhali wakati huo mstari wa kawaida wa kompyuta ulikuwa wa herufi 80. Mwandishi akawa anausogeza ukurasa kushoto na kulia, mfano wa mtu anayechungulia ua kwa tundu la ufunguo.

Hata hivyo ilinunuliwa sana, kwani kwa dola 1,795 ulipewa pia WordStar ya kuandikia na SuperCalc ya kupigia hesabu, programu ambazo peke yake zingekula fedha nyingi.

Septemba 1983 kampuni ilifilisika. Husimuliwa kwamba Osborne alijiponza kwa kutangaza toleo jipya mapema, wateja wakaacha kununua la zamani. Mimi nadhani hiyo ni nusu ya habari, maana kompyuta shindani, Kaypro II, ilikwisha kuingia sokoni mwaka 1982 kwa bei ileile, ikiwa na kioo cha inchi 9 na herufi 80. Kisha ikaja Compaq Portable, iliyoendesha programu za IBM PC, kompyuta ya mezani ya kampuni ya IBM. Hiyo ilikaribia kilo 13, mjomba, na mwaka wake wa kwanza ziliuzwa takriban 53,000.

Wako,
Mjomba