Usiukimbize mstari wa mwisho

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia kwamba kwaya yenu imeanza kujifunza "Innsbruck, ich muss dich lassen", yaani "Innsbruck, sina budi kukuacha", ule wimbo wa zamani wa Kijerumani wa kuuaga mji wa Innsbruck, Austria. Unasema mwalimu anataka muimbe kwa huzuni, nawe huioni, maana wimbo wote unasikika kama meja, ile ngazi ya sauti inayosikika yenye furaha.

Huzuni ipo, ila haipigi kelele. Tazama sauti ya kwanza inavyoanza: mi, do, re, mi, so, fa, mi. Inapanda hadi so tu, kisha inarudi pale pale ilipoanzia. Sauti zote nne zinatamka neno kwa pamoja, kisha zinanyamaza kidogo kabla ya mstari unaofuata. Ndivyo anavyosema mtu aliyejikaza asilie: maneno machache, anatulia, anaendelea. Mkizijaza zile pumziko kwa kuvuta noti, mmeharibu.

Heinrich Isaac, aliyeupanga kwa sauti nne, alizaliwa Flanders, katika Ubelgiji ya leo, mnamo 1450 hivi. Aliwatumikia akina Medici, familia iliyotawala kule Florence, Italia, na mwaka 1497 akawa mtunzi wa Maximilian I, mtawala wa Wajerumani aliyekuja kuwa Kaisari, aliyeipenda sana Innsbruck. Kaisari huyo hakukaa mahali pamoja, na watu wake walifungasha na kumfuata, hivyo kuaga mji walikujua vizuri. Wajerumani wa wakati ule walizoea kuuweka muziki mkuu kwenye teno, sauti ya juu ya wanaume. Isaac naye ana mpangilio wa namna hiyo wa wimbo huu huu, lakini huu mnaoimba ninyi umeuweka muziki huo juu, kwa sauti ya kwanza, na mimi naupenda zaidi. Ulichapishwa Nürnberg mwaka 1539, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 22.

Baadaye kanisa likauchukua, likageuza maneno: anayeagwa si Innsbruck tena, ni dunia. Mwaka 1647 ukachapishwa wimbo wa jioni wa mshairi Mjerumani Paul Gerhardt, wa kuimbwa kwa muziki huo, na mtunzi Bach akautumia muziki huo katika Mateso ya Mathayo, kazi yake ya kuimba habari za mateso ya Yesu, mara tu baada ya wanafunzi kuuliza, "Ni mimi, Bwana?" Usikilize hapo, utaelewa ninachosema kuhusu kujikaza.

Sasa mstari wa mwisho. Unarudiwa, na karibu na mwisho silabi inavutwa kwa noti kadhaa, kama msafiri aliyekwisha kuaga lakini mkono hajauachia. Kabla ya hapo silabi nyingi zina noti moja moja tu, kwa hiyo usiukimbize. Na angalia maneno. Beti ni tatu, muziki ni ule ule. Katika ubeti wa kwanza noti hizo zinabeba taabu ya kuwa ugenini. Katika wa tatu, baada ya msafiri kumwomba Mungu amlinde mpenzi wake, noti zile zile zinabeba "bis dass ich wiederkumm", hadi nitakaporudi. Kwaya nyingi huziimba beti zote mbili sawasawa, jambo ambalo hunisikitisha.

Wewe uko sauti ya pili, kwa hiyo wasikilize sana wa kwanza wanapofika kwenye marudio. Vuta pumzi mapema, kabla mstari haujaanza kurudiwa, na ubeti wa tatu uimbe ukiamini kwamba huyo mtu atarudi kweli.

Mkirekodi, nitumie.

Baba yako