Barua kwa Furaha: maji yanayoruka na barabara ya Rwindi

Goma, Himbi
Mwezi wa nane

Furaha mwanangu, mama yangu,

Huku tunaendelea. Goti la mama yako bado linamsumbua, ila sauti yake nyumbani haijapungua hata kidogo, kwa hiyo ujue ni mzima. Zile video za Yellowstone, parki ya Marekani mliyoitembelea, tulizitazama jioni nzima, majirani nao wakavuta viti, hadi megabaiti zikatuishia. Nimeamua kuandika kwa mkono, Espoir atapiga picha kurasa hizi na kukutumia, maana mwanao Baraka ameniuliza jambo lisilojibika kwa sauti ya dakika moja: kwa nini mlima wa Koko (babu yake, mimi), yaani Nyiragongo, unatapika moto na ule wa kwao unatapika maji?

Kabla sijamjibu niseme la barabara, kwa sababu mimi ni shofere na siwezi kulipita. Kulala Idaho Falls na kuondoka kabla ya jua kulifaa sana. Kutoka pale hadi lango la West Yellowstone ni kama kilometa 175, halafu karibu 50 nyingine hadi Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji. Mtu akianza toka Boise siku hiyohiyo atafika watoto wamelala na yeye macho mekundu. Na unasema mlilipa mara moja tu, langoni, siku nzima hakuna aliyewasimamisha tena kuomba karatasi za gari. Hilo limenishangaza kuliko maji.

Sasa Baraka. Msomee polepole.

Chini ya Yellowstone kuna volkano, tena kubwa mno. Mara ya mwisho ilipolipuka kwa nguvu zake zote ilikuwa kama miaka 640,000 iliyopita, na lava yake ya mwisho ilitiririka miaka 70,000 hivi iliyopita, lakini joto halijaisha. Mvua na theluji vinazama ardhini hadi karibu na mawe ya moto. Huko chini maji yanapata joto la kupita lile la kuchemka, na bado hayachemki, kwa sababu maji mengine yameyakalia juu na kuyabana. Baraka hajawahi kuona kamyo ikipanda mlima wa Kabasha kutoka Rwindi kwenda Kanyabayonga. Wewe unajua: radiateri imejaa maji makali kuliko ya sufuria, yametulia kimya, mpaka kijana wa kamyo asiye na subira afungue kifuniko. Hapo hapo yanageuka mvuke na kumrukia usoni. Old Faithful ni radiateri inayojifungua yenyewe. Maji kidogo yanamwagika juu, mbano wa chini unapungua, na yaliyobaki yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kupanda mita 30, wakati mwingine hadi 55. Kisha bomba linaanza kujaa upya.

Ndiyo maana magadi, walinzi wa parki, waliweza kuwaandikia ubaoni saa ya mruko unaofuata. Hawabahatishi, wala hawana uchawi. Wanapima mruko uliopita ulichukua muda gani. Ukiwa mfupi, maji yaliyotoka ni machache, mtangoja kidogo. Ukiwa mrefu, kaeni mle mikate yenu, pengine saa moja na nusu.

Mbona huku kwetu hakuna kitu hicho? Joto tunalo, mvua tunayo ya kutosha na kubaki. Tunachokosa ni bomba. Mawe ya Yellowstone yana silika nyingi, ile madini iliyo kwenye kioo na mchanga. Maji ya moto yanaiyeyusha, yanapopanda yanaiacha kwenye kuta za nyufa, na kuta zinazibwa zisivuje. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, inatiririka nyepesi, ikipoa inabaki na vitundu tele. Mwonyeshe picha ya ukuta wa uani kwetu, ule wa mawe meusi. Mvua ya Goma inapotelea humo, ndiyo maana mji mzima hauna hata mto mmoja, na watu wanashuka ziwani na mabidoni (madumu) asubuhi hata baada ya usiku wa mvua iliyopiga mpaka mabati yakatuziba masikio. Kenya wanayo maji ya kuruka kando ya Ziwa Bogoria, basi asidhani Afrika tumenyimwa. Ni sisi wa Goma tu tuliopewa moto bila bomba, na moto huo umeshatutembelea mwaka 1977, 2002 na 2021.

Neema naye anadai lile dimbwi kubwa la rangi, Grand Prismatic, lilipakwa na watu. Hapana. Upana wake unapita mita 100, na rangi za njano na machungwa kando yake ni bakteria, viumbe wadogo wanaoishi katika maji ambayo wewe na mimi yangetuivisha. Kila kundi lina kiwango chake cha joto, ndiyo maana rangi zimejipanga kwa pete. Katikati ni kali mno kwao, maji yanabaki ya buluu. Na kuna jambo nililisikia kwa daktari mmoja hapa, nikaona lazima ulijue. Mwaka 1966 mtaalamu Thomas Brock alipata katika chemchemi moja ya Yellowstone bakteria anayeitwa sasa Thermus aquaticus. Ndani yake kuna kimeng'enya kisichoharibika kwa joto, na hicho ndicho kilichowezesha vipimo vya PCR, vinavyozidisha chembe za urithi za ugonjwa mpaka zionekane. Unakumbuka mwezi wa saba 2019, Ebola ilipoingia Goma, tukawa tunanawa mikono kila mlango na kupimwa joto kila baryeri? Damu za wagonjwa zilipimwa kwa njia ya ukoo huo. Kwa hiyo yale matope ya rangi yaliyowafurahisha watoto yalishatusaidia sisi huku kabla hamjayaona.

Lakini pale Neema alipoinama nje ya ile njia ya mbao kugusa maji, mama yako alipiga kelele mpaka jirani akaja. Wewe ulikulia Himbi. Ulifundishwa mazuku, yale mabonde ya gesi inayoua, kabla ya kufundishwa kusoma: usishuke bondeni alfajiri kumfuata mbuzi, hata ukimwona amelala tu kama aliyeshiba. Gesi ile haina rangi wala haionyi. Ardhi ya Yellowstone ni ya familia hiyohiyo. Ngozi yake ya juu ni nyembamba mahali pengi, chini ni maji ya kuchemka, na watu zaidi ya 20 wamekufa humo kwa kuungua, wengine kwa kuteleza, wengine kwa kujitakia. Mbao zile hazikuwekwa ili viatu visichafuke.

La mkwe wetu sasa. Namheshimu, ni mtu mzuri, nikimwambia mimi itakuwa aibu kwake na kwangu, basi mwambie wewe jikoni, taratibu. Katika video ya tatu amesimama anacheka na yule baisani (nyati wa Marekani) yuko nyuma yake hatua chache tu. Sheria ya parki ni mita 23 kwa baisani na kulungu wakubwa, na mita 91 kwa dubu na mbwa mwitu. Baisani ndiye mnyama aliyeumiza watu wengi zaidi kule, si dubu, na mbio zake zinafika kilometa 55 kwa saa. Zaidi ya hayo mwezi wa nane madume bado wanagombania majike. Mimi nimepita na kamyo katikati ya nyati na viboko miaka mingi, na nakwambia mnyama anayekula majani ndiye wa kuogopa, kwa sababu hana haja nawe, anataka tu uondoke.

Je, watoto umewahi kuwasimulia Rwindi, ndani ya parki yetu ya Virunga? Nina wasiwasi hujawasimulia. Katika simu wanazungumza juu ya Goma kama mahali pa kukimbia tu, na kwa habari wanazosikia siwalaumu.

Basi waambie hivi. Mwaka 1989, ulikuwa darasa la kwanza, mwenye kamyo aliniazima Land Rover yake nikawapeleka wote kwa siku moja. Tuliondoka giza bado. Kibumba mama yako akanunua kabichi wakati wa kwenda badala ya wakati wa kurudi, kwa hiyo kabichi nazo zikaenda kuona tembo. Tukapita Rumangabo, tukanywa chai Rutshuru, na baada ya Kiwanja nyumba zikaisha, tambarare ikafunguka. Pale Mayi ya Moto mvuke ulikuwa unapanda kutoka ardhini na harufu ya mayai yaliyooza ikajaa garini. Ukaniuliza nani anapika huko chini. Maji hayakuruka, yalichemka tu na kuteremka kuelekea mto Rutshuru, lakini ulikataa kuondoka mpaka mpishi atoke. Kaka yako alikucheka mpaka Rwindi.

Huko mtoni tulikuta viboko. Harufu yao ilitufikia kwanza, halafu mlio ule wa tumboni, halafu wenyewe, wamesongamana hata maji hayaonekani. Miaka ya 1970, kabla ya safari yetu, mabonde haya yalikuwa na viboko zaidi ya 25,000, hapakuwa na mahali pengine duniani penye wengi hivyo. Tuliona pia topi, ngiri, kundi la nyati na tembo waliotufungia barabara, na mimi nikazima mota nikangoja. Hakuna aliyeshuka kupiga picha.

Kufikia mwaka 2005 viboko walikuwa chini ya 1,000. Waliuawa kwa nyama na meno, vita juu ya vita. Magadi wa Virunga waliokufa kazini ni zaidi ya 200, na baadhi niliwajua kwa majina, walikuwa wakinifungulia kizuizi usiku. Lakini Baraka anapenda hesabu, mpe hii: mwaka 1902 Yellowstone walibaki baisani kama 24 tu, na leo ni maelfu. Ikiwa kule walianza na 24, sisi na mamia yetu si wa kulia bado. Mwaka 2020 tembo karibu 580 walivuka toka Uganda wakaingia Virunga kwa miguu yao, hakuna aliyewaita. Na parki yetu ilianzishwa mwaka 1925, ya kwanza Afrika, miaka 53 baada ya ile ya kwao. Barabara ya Rutshuru kwa sasa si ya kutembeza watoto. Siku itakapokuwa, nataka Baraka akae mbele, nami nimwonyeshe Mayi ya Moto iko wapi, maana macho yangu bado yanaona mbali vizuri.

Neema aulizwe kama alimwona mbwa mwitu kweli au ni mbwa wa mtu. Waliwarudisha kule mwaka 1995, kwa hiyo inawezekana, lakini ile picha yake haina hata mkia.

Na mkwe wetu akague breki. Mteremko wa milimani na gari lililojaa watoto na mizigo unakula pedi haraka, na katika video ya mwisho, mnaporudi, gurudumu la mbele kulia linapiga kelele ambayo mimi siipendi. Asingoje mwisho wa mwezi.

Mama yako anasema mtume picha za watoto wakiwa wamesimama, si wanaokimbia.

Papa yako