Mbona unanichaji wakati dawa hujapiga?

Swali hili limeshatuchosha sisi tunaokagua mashamba na kupiga dawa za wadudu kwa malipo, na juzi limekuja tena na matusi juu, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu, mwingine akiuliza namtumia linki asome mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mteja wa mahindi katuita mbio mbio, kiwavijeshi vamizi ameingia, majani yote matobo, njooni na mabomba. Tukamwambia mabomba baadaye, kwanza tunakagua. Tukaingia, tukalitembea shamba, mwisho tukamwambia usipige saa hizi, ngoja siku chache turudi tuhesabu tena. Tukamkatia risiti ya ukaguzi. Akawaka! Usiku wake kwenye grupu la wakulima kaandika kwamba sisi matapeli, tunalipisha watu hela ya kupunga upepo shambani.

Sasa jamani. Kubeba bomba mgongoni na kubonyeza mkono wa pampu kijana yeyote mwenye mabega anaweza. Kinacholipiwa ni kujua upige au usipige, upige nini, na upige saa ngapi, na hayo yote yanapatikana kwenye kutembea. Hiyo "kupunga upepo" ndiyo kazi.

Tukiingia shambani tunaacha mistari ya pembeni, maana pembeni kunadanganya, wadudu wengi wanaanzia huko na ukihesabu huko tu utadhani shamba lote limekwisha. Tunatembea kwa zigizaga kama herufi W, tunasimama sehemu tano, kila sehemu tunakagua mimea ishirini iliyofuatana bila kuchagua. Kutochagua ndiyo shughuli, kwa sababu jicho la mwenye shamba linakimbilia mhindi ulioharibika na ukimwacha akuongoze atakupitisha kwenye mibovu tupu, siyo kwamba anadanganya, ndiyo anayoiona.

Kila mhindi tunaufungua moyo, yale majani machanga ya katikati yaliyojikunja. Kiwavi aliyetoka kwenye yai hivi karibuni hatoboi jani, anakwangua upande mmoja anaacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, sisi tunaita vidirisha. Ukiona vidirisha kwenye jani jipya ujue wapo na bado wadogo, dawa itawapata. Ukikuta matobo makubwa yamechanika na mavi yake, yale ya rangi ya unga wa mbao, bado mabichi yana unyevu, huyo ni mkubwa na yuko chini kabisa. Hapo mtoe umwangalie kichwani kama ana ile Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kama ana vidoti vinne vimekaa mraba, maana siyo kila kiwavi kwenye mhindi ni vamizi. Lakini mavi yakiwa makavu na jani linalochomoza ni safi, huyo keshaondoka, ameshuka kwenye udongo kugeuka pupa, hatua ya kulala kabla ya kutoka akiwa nondo, au keshaliwa. Tobo halizibiki, jani likikua na lenyewe linakua, kwa hiyo shamba linaweza kuonekana limeharibika sana wakati mwizi alishatoka zamani.

Ndicho tulichokikuta kwa yule ndugu. Mavi makavu, majani mapya safi, mimea yenye kiwavi hai ilikuwa saba tu kwenye mia. Na mafungu ya mayai tuliyoyaona yamekuwa meusi. Mayai mazima nayo hukoza rangi yakikaribia kuangua, kwa hiyo hatukubahatisha, tukayaweka kwenye kichupa, na vilivyotoka baadaye vilikuwa vinyigu, vidogo hata milimita moja havifiki, ambavyo vinataga ndani ya mayai ya nondo na kuyamaliza kabla kiwavi hajazaliwa. Yaani shambani kwake tayari kulikuwa na wafanyakazi na hawamlipishi chochote, halafu anataka tuje tuwamwagie sumu.

Kwa mahindi madogo miongozo mingi ya wakulima wadogo inasema ukifika karibu asilimia 20 ya mimea yenye dalili mpya ndiyo upige, yakiwa makubwa kabla ya kutoa mbelewele unavumilia mpaka karibu 40, kwa sababu mhindi wenye mbolea na maji unajirudi vizuri ukiliwa majani mapema. Chini ya hapo hela ya dawa inazidi hasara ya mdudu. Saba na ishirini, mwenyewe fanya hesabu. Alipiga kesho yake kwa mkono wake, sawa, ni shamba lake.

Na kuna aliyeniambia hiyo hesabu ni janja yetu tumebuni tupate cha kuchajia. Hapana bwana. Iliandikwa mwaka 1959 na wataalamu wanne wa wadudu wa California, Stern, Smith, van den Bosch na Hagen, waliosema mdudu kuonekana siyo sababu ya kupiga, sababu ni pale hasara atakayoleta itakapozidi gharama ya kumzuia. Sisi tunaitembeza tu shambani.

Halafu tuongee bei kwa uwazi. Tungekuwa matapeli tungesema "piga" kila tunapoitwa. Kwenye kupiga ndiyo kuna hela, kuna dawa, kuna vijana, kuna maji ya kusomba. Tukisema "usipige" tumejinyima kazi yetu wenyewe tukabaki na hela ya ukaguzi ambayo ndiyo hiyo mnaipigia kelele. Ukaguzi wa bure upo, sikatai, ila angalia anayeufanya, mara nyingi ni mtu mwenye duka la dawa, na sijawahi kusikia mwenye duka la dawa kakagua shamba akakuta halihitaji dawa.

Sasa njia ya mkato. Wengi wanasema kuliko kulipa ukaguzi bora nipige kila wiki, nijue moja, nilale usingizi. Tulikuwa na mteja wa maragwe aliyeanza hivyo, vidukari vilikuwa vichache kwenye ncha, akanunua dawa ya bei poa inayoua kila kinachotembea, akawa anapiga kwa kalenda. Vidukari vilipotea vikarudi vingi zaidi, akaongeza kipimo, vikarudi tena, na juu yake wakaja utitiri, majani yakaanza kuwa na vidoa vya njano halafu rangi ya shaba, chini ya jani utando. Anatupigia simu anasema mbegu ilikuwa feki. Mbegu haikuwa na tatizo. Kidukari anazaa bila dume na watoto wanatoka wazima wanafyonza siku hiyo hiyo, wanaomla wao wanahitaji wiki kadhaa kukua, kwa hiyo ukiwafuta wote pamoja anayerudi kwanza ni kidukari, na safari hii hana adui. Utitiri wenyewe siyo mdudu wa miguu sita, dawa nyingi za wadudu hazimgusi, zinamuulia maadui tu akabaki anajitanua. Alilazimika kununua dawa maalumu ya utitiri ambayo bei yake ingelipa ukaguzi wa msimu mzima na chenji ikabaki. Tulipoingia mara ya kwanza, kabla hajakataa huduma, tulimwonyesha kabisa vidukari vilivyovimba rangi ya kahawia vimeganda kwenye jani, ndani mwake mna mtoto wa nyigu anakula. Akasema hao nao wadudu, wafe wote.

Hili limeshatokea kwa nchi nzima, siyo mkulima mmoja. Indonesia mpunga wao ulikuwa unaliwa na kidudu cha kahawia kinachofyonza shina, na kadiri walivyopiga dawa ndivyo kilivyozidi, kwa sababu dawa ilikuwa inaua buibui na wengine wanaokila huku mayai yake yamejificha salama ndani ya shina. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku dawa 57 zisitumike kwenye mpunga na ikaanza kufundisha wakulima kukagua. Mavuno hayakuanguka.

Kingine kinachotuumiza kichwa ni hawa wanaosema "nimebadilisha dawa mara tatu na bado hawafi". Lete chupa. Analeta, ya kwanza saipamethrini, ya pili lambda-saihalothrini, ya tatu deltamethrini. Chupa tatu, rangi tatu, bei tatu, na kundi moja! Angalia kwenye lebo kuna namba ya kundi, hizo zote ni 3A, zinampiga mdudu sehemu ile ile, aliyezoea moja kazoea zote. Kubadilisha dawa maana yake kubadilisha namba, siyo kubadilisha picha ya chupa. Kizazi hiki cha mdudu umetumia namba 28, kinachofuata tumia 5 au 6, au ile ya bakteria wa Bt ambayo ni 11A na haigusi wadudu rafiki wengi, ila hiyo iwahi viwavi vikiwa vidogo. Kiwavijeshi vamizi alithibitishwa Afrika mwaka 2016 tu na alikuja kutoka Amerika akiwa tayari sugu kwa baadhi ya hizi dawa za zamani, kwa hiyo ukimpiga na zile zile unapoteza hela na jasho.

Na wale wa kuchanganya. Dawa ya wadudu, ya ukungu, mbolea ya majani, na kitu jirani alichosema kizuri, vyote bomba moja ili atembee mara moja. Kuna siku tumeitwa "bomba limeziba", kufungua chujio tukakuta uji mzito wa kijivu, dawa zimegandana. Hiyo nusu iliyokuwa imeshatoka ilikuwa imeunguza majani. Sisi tunachanganya kwa lebo inavyoruhusu, na kama hatuna uhakika tunachanganya kidogo kwenye chupa ya kioo tunaiacha itulie tuone kama inajitenga au inaganda, ndiyo maana asubuhi mnatuona tumekaa na kichupa mnadhani tunapoteza muda.

Bomba lenyewe sasa. Tunaulizwa kwa nini tusitumie bomba la mwenye shamba tupunguze bei. Tumeshaletewa bomba "safi kabisa limeoshwa", kumbe msimu uliopita lilipigia magugu kwa 2,4-D. Hiyo dawa mahindi yanaivumilia, lakini maharage, pamba, nyanya, mabaki tu kwenye mpira yanatosha kuyakunja majani yakawa kama mkono wa mgonjwa wa kiharusi. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Sisi bomba la magugu lina alama yake na haligusi kazi nyingine, na hilo ni gharama, ipo kwenye bei. Nozo pia, kile kitundu cha mbele kinachotawanya dawa, ikichakaa inatoa dawa nyingi kuliko ulivyopima na kijana hajui, kwa hiyo kabla ya kazi tunapiga maji matupu kwenye eneo la mita 100 za mraba, tunapima maji yaliyotumika, tunazidisha kwa 100 tunapata ya hekta moja, ndipo tunajua kila bomba liwekwe dawa kiasi gani. Wanaopima kwa kifuniko cha chupa "viwili kwa bomba" bila kujua bomba lao linamaliza eneo gani wanabahatisha, ikizidi inaunguza na inabaki kwenye mavuno, ikipungua wanaopona ndio wagumu na ndio wanaozaana.

Saa ya kupiga nayo ina maneno. Tukisema tunakuja jioni mteja anasema tunachelewa makusudi ili kesho turudi tuchaji tena. Kiwavi mchana wa jua kali yuko chini ya moyo wa mhindi, kajiziba na mavi yake, unachomwagia ni majani. Jioni anapanda juu kula. Nyuki nao wamesharudi. Na akishakuwa mkubwa, umri wa mwisho ambao anakula kuliko umri wote uliopita, hata upige jioni unampata kwa shida, ndiyo maana tunataka kuitwa mkiona vidirisha, siyo mkiona shamba limechanika.

Sehemu kubwa ya kazi hata dawa haimo, na hiyo ndiyo watu wanaona hatujafanya kitu. Kupanda kwa wakati mmoja na majirani ili nondo asihame kutoka shamba kubwa kwenda changa, kubadilisha zao, kuondoa mabua yenye funza wa shina, kuchanganya na jamii ya kunde, kuacha ukanda wenye maua pembeni wadudu rafiki wapate pa kukaa. Tunakuandikia mpango kabla ya msimu, ukiufuata utatuita mara chache. Ndiyo, tunajipunguzia kazi, tunajua.

Kwa hiyo utaratibu ubaki hivi. Ukaguzi unalipiwa, matokeo yoyote. Ukiamua tupige, ada ya ukaguzi inakatwa kwenye bei ya kupiga, hili tumelisema siku zote ila watu hawasomi risiti. Ukituita usipige chochote siku hiyo wala jana yake, maana tutakuta maiti na hatutajua aliyebaki ni nani. Andaa chupa zote ulizotumia msimu huu hata kama zimeisha, tunataka kuona namba za makundi na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Tuambie ulipanda lini na kabla ya hapo kulikuwa na zao gani. Na asubuhi tukifika usitutangulie kutuonyesha palipoharibika, tutapafika wenyewe.