Asante mwanangu uliyetutoa gizani Mbagala

Juzi usiku, baada ya mvua, giza kwangu tu, majirani taa zinawaka. Breka kubwa, ile swichi kuu ya umeme wa nyumba, kila nikiipandisha inaanguka, na insulini ya mama yangu, dawa yake ya kisukari, iko kwenye friji. Nilikaribia kulia.

Ulikuwa unapita. "Shikamoo mama, usiilazimishe hiyo. Ikikataa, kuna hatari inakukinga nayo." Ukanichomolesha kila kitu, ukashusha breka ndogo zote, ile kubwa ukaikandamiza chini hadi ikalia *ka!*, ndipo ukaipandisha. Ikashika. Ukarudisha ndogo mojamoja, bila haraka. Ya tatu, ya soketi za uani, ikaiangusha tena ile kubwa. Ukaiacha hiyo ya uani chini, ukapandisha tena kubwa na nyingine. Friji ikanguruma. Sauti tamu jamani!

Asubuhi ukarudi na bisibisi, ukazima umeme wote kwanza, ukafungua soketi ya uani: maji ndani, waya una kutu ya kijani. Ukaweka mpya, yenye mfuniko. Pesa ulipokea ya soketi tu, na jina hukutaja.

Mafundi wengine, mkiona mama anahangaika na tochi ya simu, simameni kidogo. Nawe mwanangu, ukisoma hapa, pita tena nyumbani. Mama anataka akushukuru mwenyewe.