Anayevuta sigara sita anaweza kuwa na uraibu mkali kuliko anayevuta kumi na tano

Ndugu Mhariri,

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tabora kuna usemi kwamba sigara ikishamkamata mtu mweusi haimwachii, na kwamba bigijii na vibandiko vya nikotini, dawa za kumsaidia mtu kuacha, vilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Usemi huu unawakatisha tamaa watu waliokwisha kuamua kuacha. Baya zaidi, umejengwa juu ya takwimu za kweli zilizosomwa nusu, kwa hiyo tunaomba nafasi tuzisome zote.

Takwimu zenyewe ni za Marekani, mwaka 2015. Kati ya wavutaji weusi, asilimia 72.8 walisema wanataka kuacha. Weupe walikuwa 67.5. Waliojaribu kuacha ndani ya mwaka ule walikuwa asilimia 63.4 kwa weusi na 53.3 kwa weupe. Waliofanikiwa wakadumu walikuwa 4.9 kwa weusi na 7.1 kwa weupe. Hapo ndipo wengi hukomea, wakasema tatizo ni damu. Lakini takwimu hizohizo zinaonyesha kwamba waliotumia dawa au ushauri wa kitaalamu walikuwa asilimia 28.9 kwa weusi na 34.3 kwa weupe. Wenye hamu kubwa zaidi ya kuacha ndio waliopata msaada mdogo.

Mtu atauliza: je, wakipewa dawa ileile? Swali hilo nalo limepimwa. Katika utafiti uliotoka mwaka 2019, wavutaji weusi na weupe walipewa vidonge vya vareniklini, dawa ya kuacha sigara isiyo na nikotini, na ushauri wa aina moja. Baada ya miezi sita walioacha walikuwa asilimia 14.3 ya weusi na 24.0 ya weupe. Watafiti walipoingiza kwenye hesabu kipato, kumiliki nyumba, shida za mtaa anaoishi mtu na kiasi cha dawa na cha nikotini kilichokuwa mwilini, rangi ya ngozi ilipoteza uzito wake. Na kwamba dawa inamfaa mtu mweusi halina ubishi tena: utafiti uliotoka mwaka 2022 uliwafuatilia Wamarekani Weusi 500, na miezi sita baadaye waliokuwa wameacha kwa vareniklini walikuwa asilimia 15.7, dhidi ya 6.5 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ushauri walipata wote.

Damu ina sehemu yake, ila si ile inayosemwa kijiweni. Ini huivunja nikotini kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2A6. Kwa watu wengine kimeng'enya hicho hufanya kazi polepole, na aina za polepole huonekana zaidi kwa wenye asili ya Afrika na ya Asia Mashariki. Nikotini ikikawia mwilini, mtu hahitaji sigara nyingi kwa siku. Jambo la pili ni namna ya kuvuta. Utafiti wa mwaka 1998 ulipima nikotini inayoingia mwilini kwa kila sigara: Wamarekani Weusi 1.41 mg, weupe 1.09 mg. Utafiti mwingine, wa mwaka 2002, uliwapima Wamarekani wenye asili ya China ukawakuta na 0.73 mg. Sigara moja, nikotini karibu mara mbili. Ukimwambia mhudumu wa afya "navuta sita" bado hujamwambia kitu.

Tunasisitiza kwamba hayo ni ya Marekani. Waafrika wametofautiana wao kwa wao kwa vinasaba kuliko watu wa bara jingine lolote, kwa hiyo asitokee mtu wa kumpangia Mnyamwezi dozi hii na Muha dozi ile. Atazamwe mtu mwenyewe.

Na kumtazama ni rahisi. Muulize: ukifungua macho asubuhi, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya dakika ngapi? Anayewasha ndani ya dakika 30 ana uraibu mkali, hata kama kwa siku anavuta sita. Hapa kwetu swali hilo lina maana kubwa kuliko hesabu ya vipisi, kwa sababu sigara hununuliwa moja moja dukani. Mtu anavuta sita kwa kuwa hela ni ya sita. Ila mtazame anavyozivuta: mashavu yanabonyea, moshi anaubana kifuani, nusu anaizima kwa kidole na kuihifadhi kwenye kiberiti, akirudi anaimaliza mpaka kichungi kinaanza kunuka. Mtu huyo kwenye maelezo ya dawa anahesabiwa mvutaji mwepesi. Anapewa kipimo cha chini, siku ya pili arosto inamshika, siku ya tatu anasema dawa ni ya Wazungu.

Vipimo ni hivi. Kibandiko: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na 21 mg kwa wiki sita, halafu 14 mg wiki mbili, halafu 7 mg wiki mbili. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14 mg kwa wiki sita, kisha 7 mg wiki mbili. Bigijii hufuata dakika: 4 mg kwa anayewasha ndani ya dakika 30 za kuamka, 2 mg kwa anayechelewa. Yule wa sita anayewasha kabla hajatoka kitandani, rai yetu ni kwamba asiachwe na kibandiko cha 14 mg peke yake. Aongezewe bigijii ya 4 mg ya kuzima kiu inapopanda. Kibandiko pamoja na bigijii hushinda kimoja peke yake, na hilo limethibitishwa kwa tafiti nyingi.

Kibandiko kinabandikwa asubuhi baada ya kuoga, ngozi ikiwa kavu kabisa, bila mafuta wala losheni, mahali pasipo na nywele: mkono wa juu, mgongo au kifua. Kandamiza kwa kiganja sekunde kumi. Joto la Septemba na Oktoba hapa mkoani hukibandua kikiwekwa juu ya jasho. Kesho badilisha mahali, na usirudi palepale kabla ya wiki, ngozi itawasha. Usikikate. Kikikuletea ndoto mbaya kivue ukienda kulala, lakini ukiamka tafuna bigijii mara moja, kwa kuwa damu itakuwa imeishiwa nikotini. Kilichotumika kikunje upande wa gundi kwa ndani na ukitupe mahali ambapo mtoto hafikii. Bado kina nikotini ya kumdhuru mtoto akikiokota.

Bigijii ndiyo inayokosewa zaidi, na kosa la kwanza lipo kijiweni penyewe. Nikotini ya bigijii hupita kwenye ngozi laini ya mdomo, na hupita vizuri mdomo usipokuwa na uchachu. Kahawa na soda huleta uchachu huo. Mtu anatafuna huku kikombe cha kahawa chungu kiko mkononi na kashata pembeni; nikotini inamezwa pamoja na mate, inafika tumboni, inamletea kwikwi na kichefuchefu, na kichwani haifiki ya kutosha. Kunywa kahawa kwanza, sukutua kwa maji, subiri dakika 15, ndipo utafune. Tafuna polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili manga, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi hadi ukali uishe, tafuna tena, egesha upande wa pili. Nusu saa hivi kwa kimoja. Wiki sita za kwanza ni kimoja kila saa moja au mbili, wiki ya 7 hadi ya 9 kila saa mbili hadi nne, wiki ya 10 hadi ya 12 kila saa nne hadi nane. Visizidi 24 kwa siku.

Kahawa ina jambo jingine tena. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha sigara, vikombe vilevile ulivyozoea vinaacha mwilini kafeini karibu mara mbili. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unapaa, na mtu anadhani ni arosto, anawasha. Punguza kahawa kwa nusu kuanzia siku ya kuacha.

Wengi hukatisha dawa wiki ya tatu, ama kwa bei, ama kwa hofu kwamba nikotini ndiyo inayoleta saratani. Nikotini ndiyo inayokufunga kwenye sigara. Saratani huletwa na lami na sumu nyingine za moshi. Ukipunguza dozi kwa hofu hiyo, unajirudisha kwenye moshi.

Kwa mfungaji, Ramadhani ni nafasi. Ameshakaa saa 13 hivi bila moshi kila siku kwa mwezi mzima. Kinachomrudisha ni sigara ya baada ya futari. Bigijii aitumie kati ya futari na daku. Kuhusu kibandiko mchana wa saumu, amuulize shehe wake mapema.

Mkoa wetu una mzigo wake pia. Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku iko shambani na kwenye mabani ya kuikaushia, na mtu anaweza kusokota yake bila kwenda dukani, kwa hiyo kupanda kwa bei ya sigara hakumgusi. Anayechuma majani yenye umande hupokea nikotini kupitia ngozi: kizunguzungu, kutapika, jasho la baridi. Akiwa amebandika kibandiko, nikotini hizo zinajumlishwa. Avae glavu na nguo zisizopitisha maji, na dalili zikianza avue kibandiko, anawe kwa maji na sabuni.

Utafiti mmoja wa Kansas City wa mwaka 2006 unawahusu ninyi wa magazeti. Wamarekani Weusi 755 waliovuta sigara 10 au pungufu kwa siku walipewa bigijii ya 2 mg au isiyo na dawa. Tofauti ya walioacha ilikuwa ndogo mno, asilimia 14.2 kwa 11.1. Lakini walioelezwa wazi madhara ya sigara na namna ya kuacha walifikia asilimia 16.7, na waliofanyiwa mazungumzo ya kuamsha hamu walikuwa 8.5. Hamu walikuwa nayo tayari. Kwa hiyo mkiandika kuhusu kuacha sigara, chapisheni miligramu, wiki na dakika.

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu cha 14 kinataka mraibu asaidiwe kuacha. Shirika la Afya Duniani liliingiza bigijii na vibandiko kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza vareniklini na bupropioni mwaka 2021 (bupropioni nayo ni vidonge vya kuacha sigara; asipewe mwenye kifafa). Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunaomba gazeti lenu liwaulize wanaohusika maswali matatu na lichapishe majibu: dawa hizi zimo kwenye kitita cha bima? Duka lipi la dawa Tabora linaziuza leo, na kwa bei gani? Na kliniki za kifua kikuu, ambako mvutaji hufika mwenyewe kwa miguu yake kila mwezi, zitaanza lini kumuuliza dakika ya sigara yake ya kwanza?

Wauguzi na wafamasia,
Tabora Mjini