Shukrani kwa dada wa vihusishi

Dada uliyenipitishia macho barua yangu ya Kiingereza ya maombi ya masomo, jina lako silijui, lakini asante sana. Kila baada ya nomino nilikwama: niweke kihusishi gani, "of", "for" au "in"? Kwa Kiswahili "ya" ingenivusha mara nyingi. Kiingereza hakina huruma hiyo.

Hukusahihisha tu ukaenda zako. Ulinipangia nomino pamoja na vihusishi vyake: "reason for", "solution to", "interest in". Ukanionyesha kwamba kitenzi "discuss" hakitaki kihusishi, ilhali "discussion" huchukua "of" au "about". Kisha nomino "increase": "in" kwa kinachoongezeka, "of" kwa kiasi cha ongezeko. Hapo ndipo nilipopumua!

Wenzangu mnaokijua Kiingereza, mkiombwa kupitia kazi ya mtu, mwelezeni na sababu.