Kwa rafiki anayeutamani ufaraguzi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila tasnifu inanitoa jasho. Umeuliza nimefikaje kwenye ufaraguzi, yaani kubuni muziki papo hapo unapopigwa, wakati ulinijua kama mtu wa riwaya na uhakiki.

Mlango ulikuwa taaluma ya utamaduni, ile ya kina Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni, na kituo cha chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilichoanzishwa 1964, ambako mitindo ya vijana na vipindi vya televisheni vilichambuliwa kwa makini kama mashairi. Kisha nikamsoma George Lewis, mpiga tromboni na profesa, kuhusu AACM, chama kilichoundwa na wanamuziki Weusi wa Chicago mwaka 1965. Walijiandalia maonyesho, wakapiga tungo zao wenyewe, wakawafundisha vijana muziki bila malipo. Swali langu la uzamivu limetoka humo: nani huitwa mfaraguzi, na nani huambiwa anabahatisha tu?

Kazi yenyewe huenda polepole mno. Nina video ya mazoezi ya wanamuziki wanne ambayo nimeitazama mpaka naiota. Kuna mahali mpiga ngoma ananyanyua fimbo, halafu hapigi. Papo hapo mpiga besi anashusha sauti, na wala hamtazami mwenzake. Macho yake yako kwenye nyuzi. Nilipowahoji, wa besi alisema aliisikia pumzi ya mwenzake ikikatika. Wa ngoma akacheka, akasema mkono ulikuwa umechoka. Sasa niambie, nadharia gani itayabeba majibu yote mawili? Sura ya tatu nzima imekwama hapo, na kusema kweli ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kamati ya maadili nayo ilitaka niorodheshe mapema kila swali nitakalowauliza. Utafiti wa ufaraguzi, bwana! Niliorodhesha, nikaongeza kifungu cha maswali yatakayozuka kwenye mazungumzo, wakapitisha.

Kuhusu ombi lako la uzamili: usianze pendekezo na nadharia. Anza na tukio moja ulilolishuhudia na ambalo hukulielewa. Na tafuta msimamizi anayekubali kukaa mazoezini, maana wapo wanaotaka maandishi tu, na hao mtasumbuana.

Nimekuambatishia ile sura ya tatu. Soma kwanza maelezo ya ile video, uniandikie wewe unamwamini nani, wa besi au wa ngoma. Mapitio ya maandishi yaruke, hata msimamizi wangu nashuku aliyaruka.

Wako daima.